Picha za uchumba Dar: Posta, Daraja la Tanzanite na Coco kwa siku moja, ratiba inatosha?

Binti_Tabata

Habari zenu wadau. Barua ya posa imeshajibiwa, mahari yanamaliziwa mwezi wa saba, harusi Desemba. Tunataka kupiga picha za uchumba Agosti, za kuweka kwenye kadi za mchango, moja kubwa ya kusimamisha mlangoni ukumbini, na chache za mtandaoni.

Mpango wetu: Jumamosi kuanzia saa 8 mchana. Tuanzie mitaa ya Posta, tupite Daraja la Tanzanite tusimame kidogo pale juu, tumalizie Coco Beach jua likizama baharini. Nguo seti tatu. Mpiga picha anasema na droni anayo.

Maswali: muda unatosha? Vibali ni wapi na wapi? Halafu mwenzangu ni mweusi sana, mimi ni maji ya kunde, na kwenye picha za simu ama yeye anapotea ama mimi naungua. Hilo linatatuliwaje? Bajeti ni ya kawaida, kwa hiyo semeni pia cha kukata.

FundiLenzi

Hongera dada. Nianze na linalobomoa ratiba nzima: Coco jua halizami baharini. Ufukwe ule unatazama mashariki, jua linatoka majini asubuhi na jioni linazama nyuma yako, upande wa majengo ya Oysterbay. Ukienda saa 12 jioni utakuta kivuli kimeshatambaa mchangani na bahari imekuwa ya kijivu. Jua la kuzama majini unalipata upande wa pili wa Rasi ya Msasani, kule Slipway, kwa sababu ufukwe wa pale, kwenye Ghuba ya Msasani, unatazama magharibi. Chagueni kimoja: Coco alfajiri au Slipway jioni.

Katikati ya Agosti jua la Dar linachomoza kama saa 12:30 asubuhi na kuzama kama saa 12:23 jioni. Huku kwetu karibu na ikweta linapanda na kushuka karibu wima, kwa hiyo ule mwanga laini wa dhahabu haukai. Una dakika 40 hivi, na baada ya jua kuzama una dakika 20 za anga ya buluu kabla giza halijaingia. Anayekuambia "golden hour" ni saa nzima amesoma video za watu wa Ulaya.

Saa 8 mchana ndiyo saa mbaya kuliko zote. Jua bado liko juu, macho yanakuwa mashimo meusi, pua inatupa kivuli mdomoni, na mekapu inaanza kutiririka kabla hamjafika eneo la pili.

Mimi ningeigeuza hivi: Jumapili, si Jumamosi. Fikeni Coco saa 12 kasoro robo asubuhi mkiwa mmeshavaa na mekapu imeisha. Pigeni kuanzia anga inapopauka hadi saa 1:15. Kisha vukeni Daraja la Tanzanite kwa gari, Posta mnaingia dakika chache tu kwa sababu Jumapili asubuhi hakuna foleni. Badilisheni nguo, pigeni mitaani hadi saa 3, wakati maghorofa bado yanatoa kivuli. Saa 3 na nusu mko kwenye supu.

Darajani hamsimamishi gari. Ni barabara ya magari yaendayo kasi, hakuna maegesho, na mtafukuzwa kabla lenzi haijafunguliwa. Daraja lenyewe linapendeza zaidi likiwa nyuma yenu, mkiwa mchangani upande wa Coco, lenzi ya milimita 85 au zaidi ili nguzo zisogee karibu na nyinyi.

Kuhusu rangi za ngozi. Kamera inapima mwanga wa picha nzima na kuuvuta kwenye kijivu cha kati. Ikiona anga nyeupe au gauni jeupe inapunguza mwanga, na mwenye ngozi nyeusi ndiye anayelipa. Dawa yake ni kupima mwanga shavuni kwake, kisha kukagua shavu lako kama halijaungua. Tofauti yenu inaweza kuwa stopu moja (yaani mwanga mara mbili) au zaidi kidogo, na hiyo inazibwa kwa namna mnavyosimama: yeye upande unakotoka mwanga, wewe upande wa mbali. Rifleta nyeupe, ule ubao wa kurudisha mwanga, ishikwe mita moja na nusu kutoka kwake, ikitokea usawa wa kifua. Ya rangi ya fedha iacheni, inachoma macho na inaacha mng'ao wa mafuta kwenye paji la uso. Mkiwa na jua mgongoni, fleshi iwe chini ya mwanga wa asili kwa stopu moja, isije ikaonekana kama picha ya polisi.

Jambo moja la kumuuliza mpiga picha wako: wawili mkiwa pamoja anafungua lenzi kiasi gani? Akisema f/1.8, yaani tundu la lenzi wazi sana, kila mara, mkazie macho. Lenzi ya 85 kwenye kamera ya fremu kamili, mkiwa mita 2 kutoka kwake, kwa f/1.8 kina cha eneo lisilo na ukungu ni kama sentimita 6 tu. Mmoja akiegemea bega la mwenzake, jicho la mmoja linakuwa ukungu, na kwenye skrini ndogo ya kamera halionekani. Utaligundua kwenye bango. Kwa f/4 unapata kama sentimita 13, na nyuma bado panayeyuka vizuri.

Mama_Kamati

FundiLenzi amemaliza ya mwanga, mimi niongeze ya nguo na ya wazee.

Seti tatu kwa asubuhi moja ni nyingi. Kila kubadilisha ni dakika 20 hadi 30 ukihesabu vito, viatu na kugusia uso, na ule mwanga wa Coco hauwasubiri. Chukueni mbili: moja nyepesi ya ufukweni, moja ya kutoka ya mjini. Chumba cha kubadilishia ni gari lenye vioo vyeusi au kanga mbili, pini, na shangazi wa kuzishika.

Kitenge kimoja kwa wote wawili kuanzia shingoni hadi miguuni mtaonekana kama sare ya kamati. Mmoja avae kitenge, mwingine achukue rangi moja kutoka ndani ya kitenge hicho. Kwa kaka mweusi sana, shati jeupe pee si zuri kwenye jua, hasa ukizingatia hayo ya kamera yaliyosemwa hapo juu. Haradali, maruni, buluu ya anga, hata rangi ya udongo zinamtoa vizuri. Kijani kile kikali cha kung'aa kinarudisha rangi chini ya kidevu, hakifutiki kirahisi. Mistari myembamba ya shati la ofisini nayo inaleta mawimbi ya ajabu kwenye picha.

Mekapu: mwambie mpambaji kuwa fleshi itatumika. Poda za kumalizia zenye silika na baadhi ya krimu za kukinga jua zenye zinki au titani zinarudisha fleshi, uso unatoka mweupe na shingo inabaki ya kwako. Upigwe picha moja ya simu yenye fleshi kabla hamjaondoka nyumbani, utaona hapo hapo. Na fandesheni ilinganishwe na kifua, mkono hudanganya.

La wazee: hata kama barua imejibiwa, msiweke picha mtandaoni kabla mahari hayajakubaliwa rasmi mbele ya mshenga. Nyumba nyingine zinaliona hilo kama kuruka ukuta. Na pigeni angalau picha tatu za heshima, mmesimama sambamba, mabega yamefunikwa, bila kukumbatiana. Kadi inapita msikitini, kanisani, ofisini na kwa bibi kijijini. Ile ya kubebwa mgongoni itumieni kwenye status.

Mzawa_wa_Pwani

Mmesahau maji na upepo, na kwa Coco hivyo viwili ndivyo vinaamua.

Agosti ni kusi. Unatoka kusini mashariki, Coco unaipiga usoni moja kwa moja. Alfajiri huwa umetulia kiasi, ukikaribia saa 3 nywele zote ziko mdomoni na shela halishikiki. Ghuba ya Msasani imekingwa na rasi, ndiyo maana Slipway kunakuwa shwari siku ambayo Coco kuna mawimbi.

Maji sasa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, Dar yanajaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, yanapwa karibu saa 4 asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mkitaka mchanga mpana, wenye maji membamba juu yake yanayoakisi anga jua linapochomoza, tafuteni Jumapili iliyo siku tatu au nne kabla ya mwezi mpevu au mwandamo, maji yatakuwa yamepwa saa hizo hizo. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo, mnapata ufukwe wa kawaida, si mbaya. Kinachoudhi ni kufika maji yamejaa hadi kwenye miamba na hamna pa kusimama. Ile miamba ya matumbawe inakata kama msumeno, vaeni raba hadi dakika ya mwisho. Viatu vya kisigino kirefu viacheni garini, kwenye mchanga vinazama na mwili unapinda.

Jumapili alfajiri pia mchanga una mabaki ya Jumamosi usiku. Bebeni mfuko. Dakika tano za kuokota chupa zinamwokolea mpiga picha kazi kubwa ya kufuta kwenye kompyuta, na kazi hiyo mnailipa nyinyi.

Binti_Tabata

Asanteni sana jamani, sikujua hata kidogo kuhusu jua la Coco. Basi asubuhi, seti mbili. Bado droni na vibali. Na Posta kona gani nzuri?

FundiLenzi

Droni ikateni, na hapo ndipo bajeti yako inapopumua. Kisheria inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na anayeirusha awe na karatasi mkononi, siyo "nitaongea nao". Isitoshe Posta iko jirani na Ikulu, si mahali pa kujaribu bahati. Upepo wa kusi nao una lake.

Mitaani Posta, watu wawili na kamera moja mkononi mara nyingi hampati shida. Mkisimika stendi za taa na mwavuli mnakuwa shughuli, mlinzi anakuja na ana haki. Msielekeze lenzi Ikulu, bandarini, kwenye kivuko cha Magogoni, vituo vya polisi wala milango ya benki. Hoteli, maduka makubwa, Makumbusho ya Taifa na Slipway vina wenyewe, ombeni kwa maandishi siku kadhaa kabla na mtembee na jibu kwenye simu.

Kona: mnara wa Askari pale Samora na Azikiwe, uliopo tangu 1927, una nafasi ya wazi na mitaa inayokimbia nyuma yenu. Kanisa la Mtakatifu Yosefu na Azania Front yana kuta nzuri sana, ila Jumapili kuna ibada, msisimame mlangoni. Tafuteni ukuta wa kawaida ulio kivulini unaotazamana na jengo jeupe linalopigwa na jua. Lile jengo linakuwa rifleta yenu ya bure.

Na kamera isitoke kwenye gari lenye AC moja kwa moja. Kwa unyevu wa Dar lenzi inajaa ukungu na hakuna cha kufanya ila kusubiri. Zimeni AC mkiwa njiani, fungueni vioo.

Mchapaji_Kariakoo

Picha ya mlangoni ikiwa A1 ni sentimita 59.4 kwa 84.1. Kamera ya megapikseli 24 inatoa pikseli 6000 kwa 4000, na ukiikata ifuate umbo la A1 unapata kama nukta 170 kwa inchi, inatosha kabisa kwa picha inayotazamwa ukiwa umesimama. Tatizo letu dukani ni picha zilizopita WhatsApp kama picha za kawaida. Upande mrefu unabaki kama pikseli 1,600, na kwenye A1 hiyo ni chini ya nukta 50 kwa inchi, nyuso zinakuwa vigae. Itumwe kama dokumenti, au kwa flashi.

Mwambieni mpiga picha aache nafasi tupu theluthi moja ya fremu, juu au pembeni, kwenye picha mbili au tatu. Bila hiyo mbunifu wa kadi atawaandikia namba za mchango juu ya kifua cha bwana harusi. Buluu ya bahari inafifia ikichapwa, kwa hiyo lipieni A4 ya majaribio kabla ya bango.

Kwenye mkataba andikeni idadi ya picha zilizohaririwa, siku ya kukabidhiwa, na kwamba mvua ikinyesha tarehe inahamishwa mara moja bila malipo. Ulizeni kama kamera inaandika kwenye kadi mbili za kumbukumbu kwa pamoja. Kianzio kilipwe, salio baada ya kuona faili kamili.

Mama_Kamati

Halafu dada, picha ya pete. Kucha zipakwe siku moja kabla, lakini mafuta ya mikono yapakwe pale pale, kwa sababu upepo wa bahari unapausha vifundo vya vidole na lenzi ya karibu inaona kila kitu. Pete isifutwe kwa kanga yenye mchanga. Na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni mikoba tu, asishike rifleta wala simu, hasa mkifika Posta ambako bodaboda inapita na mkoba kabla hujageuka.