Kiwanja kimoja, mipira miwili: raga ipewe saa zake Dodoma au isubiri?

Mwalimu wa Bukta
Wadau wa Dodoma, naombeni mawazo. Jumapili iliyopita kikao cha mtaa wetu kimeamua kiwanja cha wazi kitumike kwa mpira wa miguu tu. Mimi nilikuwa nimeomba Jumamosi, saa moja mpaka saa tatu asubuhi, kwa ajili ya watoto 22 wa raga, wavulana na wasichana. Nimenyimwa. Sababu niliyopewa ni kwamba huo mchezo hauna mwenyewe hapa.

Viwanja vyetu mnavijua. Nyasi hakuna, mbigili ndiyo imejaa. Kabla ya mazoezi tunafagia kwa matawi kama dakika ishirini, maana kwenye soka mbigili inakuchoma unyayo, kwenye raga inakuchoma kiwiko na shavu. Mpira tunao mmoja, uliletwa kwa basi kutoka Arusha. Na hatuangushani. Kila mtoto anachomeka vipande viwili vya kitenge kiunoni, mwenzake akikichomoa kimoja basi ameshakamatwa, lazima atoe pasi.

Wenzetu Kenya mwaka 2016 waliichapa Fiji 30-7 kwenye fainali ya raga ya wachezaji saba kule Singapore. Fiji ileile miezi minne baadaye ikachukua dhahabu ya Olimpiki Rio. Sisi tutaanza lini kama saa mbili za Jumamosi hazipatikani?

Kipa Mstaafu
Mwalimu, heshima yako. Kikaoni nilikuwepo na nilinyoosha mkono kupinga, sijifichi. Kiwanja ni kimoja, timu za watoto tano, za wakubwa mbili. Jioni vijana wanagombania zamu mpaka giza linaingia. Soka inataka chandimu na kandambili nne za kuwekea magoli, basi. Wewe unataka milingoti mirefu, mpira wa umbo la yai na mwalimu aliyezisoma sheria. Na siku mtoto akivunjika shingo atajibu nani? Huu mchezo wa watoto wa kishua upelekwe kwenye shule zenye mabasi yake.

Mtoto wa Kizota
Kipa umemaliza. Pesa yenyewe iko soka. 2021 Azam waliweka mkataba wa miaka kumi na TFF, shirikisho la soka, shilingi bilioni 225.6, kuonyesha ligi. Kijana wangu akijua kupiga krosi, kuna mtu atamwona kwenye TV. Akijua kurusha mpira nyuma atamwona nani?

Mhamiaji wa Mtumba
Mimi raga nimeifuatilia miaka mingi na ninaipenda, lakini tusidanganyane. Hata kwa wenye uwezo inapumulia mashine. Angalieni Australia. Raga ya watu 15 inagombania watoto na raga ya watu 13, kuna mpira wao wa kienyeji unaochezwa kwenye viwanja vya mviringo, halafu kuna soka. Michezo minne, watoto walewale. Taifa hilo lilichukua Kombe la Dunia la raga 1991 na 1999. Mwaka 2023, kombe likiwa Ufaransa, Australia wakatolewa hatua ya makundi kwa mara ya kwanza, Fiji wakawapiga 22-15, Wales wakawapiga 40-6. Mtoto mwenye kipaji anavutwa na hela ya mchezo mwingine kabla hajafika miaka ishirini. Kama wao wamezidiwa, Mwalimu na mpira wake mmoja atafika wapi?

Na tuseme ukweli, Dodoma hata soka yenyewe hamna. Uwanja wa Jamhuri unajaa siku Simba au Yanga wakija. Dodoma Jiji wakifungwa pale nyumbani, wenyeji mnashangilia. Watu wasioshabikia timu ya mji wao ndio waanzishe raga?

Chang'ombe Damu
Wewe uliyeletwa na barua ya uhamisho ndiye unatufundisha ushabiki? Wakati Dodoma Jiji inapanda Ligi Kuu 2019 mimi nilikuwa Jamhuri, nimesimama juani. Wewe ulikuwa Dar unasubiri mwendokasi.

Mhamiaji wa Mtumba
2019? Walipanda 2020. Msimu wao wa kwanza Ligi Kuu ni 2020/21. Mkaaji wa Mtumba anakukumbusha historia ya timu yako.

Chang'ombe Damu
Mwaka mmoja ndio umenishinda nao? Jibu hoja. Siku zisizo za Yanga wala Simba umeshawahi kukata tiketi?

Mama wa Makole
Nisameheni, mimi si mtu wa kuandika humu, ila hili la Jamhuri limenigusa. Niliwahi kumpeleka mwanangu wa kiume, ana miaka tisa, kuangalia Dodoma Jiji na moja ya timu za Kariakoo. Nilimnunulia jezi ya Dodoma Jiji, akailalia usiku wa kuamkia mechi. Tulikaa katikati ya watu ambao ni majirani zetu wa siku zote, kuna fundi cherehani wangu na muuza mkaa wangu. Tulipofungwa bao, safu nzima ilisimama kushangilia. Mtoto alinitazama mimi kwanza, halafu akawatazama wao. Wakati wa mapumziko nikamkuta ameivua jezi, ameigeuza nje ndani, ameivaa hivyo. Sikumwambia kitu. Mpaka leo haulizi tena mechi ya Dodoma Jiji ni lini. Kwa hiyo Mhamiaji, maneno yako yanauma kwa sababu ni kweli, lakini usituseme kama vile hakuna anayeumia.

Mwananchi wa Area C
Mama pole, lakini Yanga ni ya nchi nzima. Baba yangu ni Mgogo wa Mpwapwa na alikuwa Yanga kabla Dodoma Jiji haijafikiriwa. Mnataka nimsaliti marehemu? Timu hii ilitufikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, tukashinda Algiers 1-0 na bado tukakosa kombe kwa goli la ugenini. Machozi yale hayana mkoa.

Mnyama Nkuhungu
Shirikisho fainali tulifika sisi Simba, 2025, na Berkane ya Morocco. Msijimilikishe.

Mwananchi wa Area C
Mmefika miaka miwili baada yetu, na mkapigwa mbili Berkane. Kwenye marudiano Zanzibar mkatoka sare. Endelea.

Mwalimu wa Bukta
Jamani mada. Nimeomba saa mbili, siombi Jamhuri.

Ila Kipa, neno lako la "watoto wa kishua" sitaliacha lipite. Watoto wangu ni wa mama lishe na wa bodaboda, wawili wanakuja pekupeku kutoka ng'ambo ya reli. Na kama ni asili ya mchezo, soka na raga zimetoka nyumba moja. Mwaka 1863 London walikaa kutunga sheria za mpira, wakagombana kuhusu kukimbia na mpira mkononi na kumpiga mwenzako teke la ugoko. Waliotaka teke waliondoka. 1871 watu wa raga wakaunda chama chao, na teke lenyewe wakalipiga marufuku. Yote mawili yameletwa na meli ileile. Kwa nini moja liwe letu na jingine liwe la kishua?

Kipa Mstaafu
Mwalimu, hilo neno nilikosea, nalirudisha. Shida yangu ni muda na ardhi. Ardhi hii mwezi wa nane unaweza kuipiga jembe likarudi. Nimedaka juu ya hiyo ardhi miaka kumi na moja na goti langu la kushoto halikunji.

Mnyaturu wa Ikungi
Niwape mfano wa kanda yetu. Alphonce Simbu katoka kwetu Singida. Septemba 2025 Tokyo kachukua dhahabu ya dunia ya marathoni, saa 2:09:48, muda uleule na Mjerumani wa pili. Wametenganishwa na sehemu ya sekunde. Hakuna Mtanzania aliyewahi kupata dhahabu ya mashindano hayo kabla yake. Simba na Yanga na mabilioni yao hawajatuletea dhahabu ya dunia. Michezo iliyosahaulika ndiyo inayotuheshimisha, tangu enzi za Filbert Bayi na rekodi yake ya mita 1500 kule Christchurch 1974.

Kipa Mstaafu
Simbu tunamvulia kofia wote. Lakini mkimbiaji hagombanii kiwanja na mtu. Barabara ya Singida ina nafasi ya kila mtu.

Mtoto wa Kizota
Na Simbu ni Singida, Dodoma msijipendekeze.

Chang'ombe Damu
Kanda ya kati ni moja. Wewe Kizota mwenyewe kwenu Kondoa.

Mtoto wa Kizota
Kondoa ni mkoa gani kwani?

Dada Zabibu
Nimesoma yote nikisubiri mtu aseme, hajasema. Kipa umehesabu timu saba zinazotumia kiwanja hicho. Ya wasichana ni ipi? Mimi naishi mkabala nacho. Jioni wasichana wanakaa ukutani wanalinda nguo za kaka zao, wanaokota mpira ukitoka. Jumamosi zile chache za Mwalimu kabla ya kikao, nilimwona mdogo wangu ana vitenge viwili vinapepea kiunoni, anakimbia na mpira chini ya kwapa, wavulana watatu nyuma wananyoosha mikono na hawampati. Alirudi kiwiko kimejaa mbigili, nikaitoa kwa pini, hakulia. Akaniuliza Jumamosi ijayo bukta atapata wapi, maana sketi inamkwamisha. Nimeshamshonea. Sasa mmesema mchezo hauna mwenyewe.

Mwananchi wa Area C
Dada umesema vizuri. Lakini narudi kwa Mama wa Makole. Wale walioshangilia hawakuwa wanamshangilia mtoto kuumia.

Mama wa Makole
Najua, kaka yangu. Fundi cherehani alikuja kuomba radhi baadaye. Mtoto ndiye sijui nimwambie nini.

Mhamiaji wa Mtumba
Mama, mimi ndiye niliyeanzisha hilo na niliandika kwa jeuri. Nina mwaka wa nne hapa, na sijawahi kwenda Jamhuri siku Dodoma Jiji inacheza na timu ndogo. Chang'ombe Damu aliuliza, jibu ni hapana. Mechi ijayo ya nyumbani nitakata tiketi, na kama utaniruhusu nitamkatia na kijana. Jezi aivae vyovyote atakavyo.

Mwalimu, kuhusu Australia sikubadilisha msimamo. Hela ikishaingia, mchezo mdogo unaliwa. Lakini pale mtaani kwako hakuna hela ya kugombania. Kuna saa mbili tu za asubuhi ambazo, kwa maelezo ya Kipa mwenyewe, timu zimelala, maana anasema foleni ni ya jioni.

Chang'ombe Damu
Tiketi nunua tatu, nakuja kuhakikisha.

Kipa Mstaafu
Dada Zabibu, nimesoma ujumbe wako mara mbili. Mmoja kati ya wale wa ukutani ni binti yangu.

Uamuzi wa kikao siwezi kuuvunja peke yangu, utabaki mpaka kikao kijacho, na nitakuja kuzungumza. Kwa sasa najua hivi: timu yangu ya Jumamosi inaingia saa tatu kamili. Ufunguo wa banda la mifagio ya chelewa uko kwangu, mlango wa bluu baada ya kisima. Nagongewa kuanzia saa kumi na mbili na nusu. Matawi hayatoi mbigili, mnazisogeza tu. Na mlingoti wa goli la upande wa reli umeliwa na mchwa, watoto wasiuegemee.

Mwalimu wa Bukta
Nitagonga. Asante, kaka.

Mtoto wa Kizota
Bado sijajibiwa. Kondoa ni mkoa gani?