Tuwaandikeje wazee wetu wa usharika waliotangulia?

Binti wa Kilema: Shikamooni wakubwa. Usharika wetu wa KKKT (Kanisa la Kilutheri) huku juu ya Moshi unaandaa daftari la marehemu wetu. Risala za mazishi zinafanana zote: kuzaliwa, kipaimara, ndoa, kuugua. Yule mama aliyekuwa akinunua ndizi alizotoa sadaka mwenyewe kwenye mnada baada ya ibada, ili bei ipande, hayumo humo! Nimwandikeje?

Mpiga tarumbeta: Marahaba. Andika hivyo hivyo, na alivyobishana na mnadishaji. Waulize waliokaa naye benchi moja. Familia husema ya heshima tu.

Mama Wawili: Vitabu vya ubatizo havitakusaidia sana. Tangu Wamisionari wa Leipzig, Walutheri kutoka Ujerumani, waje Kilimanjaro 1893 tunaandika majina na tarehe, basi. Nendeni majumbani. Wengi wamezikwa kihambani, shamba la nyumbani, kwenye migomba. Mkisimama pale kaburini wajukuu wanaanza kusimulia bila kuulizwa. Mkianza, anzeni na wanakwaya wa zamani, mashahidi wao wamebaki wachache.

Binti wa Kilema: Asanteni. Na mbege yake, ile pombe ya ndizi, iliyosifika mtaa mzima?

Mpiga tarumbeta: Iandike. Mchungaji naye anajua.