Mnamtupa kapu (yule samaki Wazungu wanamuita carp) wa Naivasha kwa nyasi afe, halafu jioni mnamla mkiambiwa ni tilapia

Wadau salamu. Hii kitu imenikaa rohoni tangu Jumamosi na nikiendelea kunyamaza nitapasuka.

Mimi navuanga kwa ndoano hapa Naivasha, sio biashara, ni wikendi tu, nimezaliwa Karagita na hili ziwa nalijua tangu nikiwa mtoto wa kutumwa. Sasa Jumamosi niko kwa kambi moja hapo kando ya maji, wakaja mabwana wanne na gari kubwa, fimbo za maana, rili zinang'aa, viti vya kukunja, kila kitu. Kama saa tatu asubuhi ndoano ya mmoja ikashika kitu kizito, fimbo ikapinda mpaka nikaacha yangu nikasimama kuangalia, akapigana naye dakika ishirini hivi, samaki anakimbia kulia, anarudi kushoto, anazama chini anakaa huko kama jiwe, na wenzake wote wanapiga kelele ni bass, ni bass mkubwa, yule samaki wavuvi wa starehe wanampenda! Alipofika juu wakaona yale magamba ya rangi ya dhahabu na zile sharubu nne mdomoni, kelele zikaisha. Ni kapu. Kilo nne alikuwa nazo naona. Yule bwana akachomoa ndoano kwa nguvu mpaka mdomo wa samaki ukapasuka, akamrusha nyuma kwa nyasi kama unavyorusha kiatu kilichooza, akarudi kuvua. Samaki akabaki hapo juani anahangaika. Na kapu hafi haraka, anaweza kukaa hapo muda mrefu sana akifungua na kufunga mdomo, yaani unaona kabisa bado yuko hai.

Nikaenda nikamuuliza kwa heshima, mkubwa, huyo samaki humtaki? Akanijibu bila hata kugeuka, hiyo ni takataka ya ziwa, samaki wa matope, kama unakula uchafu chukua.

Kama unakula uchafu. Wadau, mimi nimelelewa na huyo samaki. Mamangu alikuwa na meza ya samaki wa kukaanga pale stage, na mnaokumbuka mnajua 2001 uvuvi ulifungwa hapa kwa sababu samaki walikuwa wameisha, watu wakakaa na njaa na nyavu zimekauka. Ziwa lilipofunguliwa, aliyekuja kujaza meza ya mama hakuwa tilapia na hakuwa bass. Ni kapu. Ilifika mahali karibu 2010 ukienda ufukwe wa Kamere boti ikirudi karibu kila samaki aliye ndani ni kapu. Karo yetu, unga, viatu vya shule, vyote vilitoka kwa huyo samaki mnamuita takataka.

Najua mtakachosema, kwa sababu ndio wimbo wa wavuvi wote wa starehe: kapu ni mgeni, kapu ameharibu ziwa. Sawa, tuongee ukweli. Ni mgeni, alionekana ziwani mwaka huo huo wa 2001, aliteremka na mto Malewa. Na ni kweli anafukua chini akitafuta chakula, anang'oa majani na kuvuruga tope, maji yanakuwa mazito, hilo silikatai na sitamtetea. Lakini huyo bass mnayempiga picha na kumbusu, yeye ni mwenyeji wa wapi? Aliletwa kutoka Marekani 1929 ndio wazungu wapate mchezo wa kuvua. Tilapia nao waliletwa miaka ya hamsini. Wale kamba wekundu wa Louisiana waliwekwa 1970 na wakafyeka majani ya chini kabla kapu hajafika. Samaki mwenyewe wa asili wa Naivasha alikuwa kasamaki kadogo hata kidole hakafiki, mara ya mwisho kuonekana ni 1962, na kalipotea kapu hayuko hapa bado. Kwa hivyo karibu wote humo ndani ni wageni, lakini mmoja ndiye anatukanwa, na sababu sio ziwa, sababu ni kwamba huyo mmoja ndiye chakula cha maskini!

Na kama kweli unaona ni adui wa ziwa, sikuambii umrudishe majini. Muue haraka, kichwani, mara moja, umpeleke nyumbani umle, ama umpe mtu. Kumwacha aoze kwa nyasi unasaidia ziwa na nini? Nusu kilomita kutoka hapo kuna watoto hawajaona samaki kwa sahani mwezi mzima.

Sasa hii maneno ya kwamba hawezi kuliwa. Inaniuma kuliko yote kwa sababu ni uvivu wa kupika ndio unasingiziwa samaki. Malalamiko ni mawili kila siku, matope na mifupa.

Ile ladha ya udongo inatokana na kitu kinaitwa jiosmini, inatengenezwa na vijidudu vya kwa maji na kwa tope, ndio hiyo hiyo harufu unasikia mvua ya kwanza ikigonga vumbi. Hata tilapia na kambare wa bwawa wanaipata, nenda ukanuse. Ukimtoa kapu majini usimwache juani masaa matatu halafu ulie ananuka. Mtoe matumbo na matamvua hapo hapo, umuoshe damu yote. Nyumbani mtoe ngozi kama hauna haraka, na ile nyama nyekundu iliyokolea inayopita katikati ya ubavu kutoka kichwa mpaka mkia ikate uitupe, hapo ndio ladha nzito iko. Halafu ndimu, na sio kipande kimoja cha kupaka kwa aibu, ndimu ya kutosha na chumvi, akae nusu saa hivi, asidi inavunja hiyo harufu. Mamangu alikuwa anafanya hivyo miaka yote bila kujua hiyo jiosmini ni nini.

Mifupa ndio hiyo, iko. Ana ile midogo imegawanyika kama herufi Y, haijashikana na uti wa mgongo, iko katikati ya nyama ndio maana huwezi kuichomoa yote na uti. Unachofanya ni kumchanja. Kisu kikali, kila upande, mikato imekaribiana sana, milimita tatu au nne, mpaka karibu na uti lakini usiukate, uchague sehemu ya mgongo na ya mkia maana huko ndio mingi. Ukimtia kwa mafuta moto yaliyochemka kweli, mafuta yanaingia kwa ile mikato, vile vifupa vidogo vinakauka vinatafunika, hata mtoto anakula. Nani kati ya hao mabwana wanne ameshawahi kushika kisu akajaribu?

Na hizo fimbo zao nimeziangalia vizuri, zile za kutoka Uingereza, zimetengenezwa hasa za kuvua kapu. Huko kapu ndiye samaki wanaomheshimu kuliko wote, mtu analala kando ya bwawa siku mbili akimngoja mmoja, akimtoa anamlaza kwa godoro lenye maji, anampaka dawa mahali ndoano imemchoma, ndio anamrudisha. 1952 mvuvi mmoja wa huko, Richard Walker, alimtoa mmoja wa ratili 44 pale bwawa la Redmire, karibu kilo 20, akapelekwa akiwa hai bustani ya wanyama ya London watu wakamtazame. Ukienda Ucheki na Polandi ndiye chakula cha Krismasi, anafugwa kwa mabwawa, familia nzima inamngoja. Afrika Kusini wanamvua na ugali, na mimi pia ndio namvulia, ugali mgumu uliokandwa na sukari kidogo. Samaki ni yule yule, lakini mtu wa Naivasha akimla anaambiwa anakula uchafu.

Lakini kilichonifanya niandike leo ni cha jioni. Nilikuwa na wageni wa shemeji, wakataka kula hoteli moja kubwa hapo barabarani, sitaitaja. Wale mabwana wanne wako meza ya pili. Menyu imeandikwa tilapia fileti, bei yake ukiisikia unakaa chini. Tukaagiza, wao pia wameagiza. Nikatia mdomoni, tonge la pili tu ulimi ukagusa kifupa cha Y. Wadau, tilapia hana huo mfupa! Nimekula samaki wa ziwa hili tangu niote meno, hawezi kunidanganya mtu. Nikamuita weita pembeni, kijana mpole, nikamwambia mdogo wangu sema ukweli sitakuchomea, akaangalia chini akasema ndio, ni kapu, wananunua ufukweni kwa bei ya chini, wanamtoa ngozi, wanaandika tilapia kwa sababu wateja wakisikia kapu wanaondoka.

Na yule bwana wa asubuhi alikuwa anafuta sahani na mkate, anawaambia wenzake samaki wa hapa ni mtamu.

Nilitetemeka kwa hasira. Mwenye kapu, yule mvuvi aliyeamka saa tisa usiku, analipwa bei ya takataka kwa sababu ya hayo matusi yenu, halafu hoteli inachukua faida ya tilapia. Nyinyi wa fimbo ndio mnashusha bei kwa mdomo, hoteli inavuna. Waandike kapu kwa menyu, na bei yake halali!

Yule wa kwa nyasi nilimchukua. Nilimmaliza mimi mwenyewe, nikampeleka kwa mama, akampika kwa nyanya na dania, tulikula watu saba na akabaki.

Jumamosi hii niko Kamere kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Ukivua kapu na humtaki usimrushe kwa nyasi, niite tu, nitakuja na ndoo.