MJADALA: Je, ofisi ina haki ya kumpangia mfanyakazi namna ya kuorodhesha kazi zake?

Wadau, habari zenu. Naomba tulijadili hili kwa sababu kwetu limeshaleta mtafaruku.

Nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya uchapaji. Mwezi uliopita bosi alituagiza wote tuhamie kwenye programu ya kadi, za aina ya Trello: ubao mmoja, safu tatu, "Bado", "Inaendelea", "Imekwisha". Madaftari basi. Mtindo wenyewe siupingi. Asili yake ni kanban ya viwanda vya Toyota kule Japani: kituo cha mbele kikitumia vipuri, kadi inarudi nyuma kuagiza vingine. Ila kadi ile ilifuata mzigo. Haikumfuata mtu kumuuliza asubuhi yake ameipangaje.

Fundi wetu wa kukata karatasi ana kidaftari, kila ukurasa kaupiga mstari katikati kwa wino. Kushoto anaandika kazi za asubuhi, kisu kikiwa kimetoka kunolewa. Kulia, vitabu vinavyosubiri gundi ikauke. Masika gundi inachelewa, naye anajua aisogeze kazi ipi. Tangu agizo lile, kadi anaziingiza zote jioni, amechoka, ili tu zionekane. Mchana kutwa ubao unasema "Bado" na mzigo umeshafungwa!

Msimamo wangu: tarehe ya mteja na jina la aliyeshika kazi viwe ubaoni, wote tuone. Siku yake mtu aachiwe mwenyewe. Mnaonaje?

*Mchangiaji wa kwanza:* Ndugu, hapo sikubaliani nawe. Kwetu mhasibu alilazwa wiki mbili, mipango yake yote iko kwenye daftari, tena kwa vifupisho anavyovielewa yeye. Kulikuwa na "MK 14" imezungushiwa duara. Tarehe? Kiasi? Vibarua walikaa bila malipo yao mpaka alipotoka. Hiyo siku unayosema ni ya mtu mwenyewe, ilikuwa na watoto wa watu ndani yake.

*Mtoa mada:* Pole sana, na hao vibarua nimewaonea huruma kweli. Malipo yao ni jambo la wote, lilipaswa kuwa ubaoni tangu mwanzo. Hapo uko sahihi. Ila tusidhani programu ni ghala la milele. Wunderlist, programu ya kuorodhesha kazi, ilipendwa na watu wengi, Microsoft ikainunua 2015, na Mei 2020 ikafungwa, watumiaji wakaelekezwa To Do, programu ya Microsoft yenyewe.

Niwaulize wenye ofisi: fundi akirudishiwa kidaftari chake, halafu kila asubuhi nikakaa naye dakika tano tukaingiza kadi zinazowahusu wengine, ofisi inapungukiwa nini? Nimeshamwomba bosi nijaribu hivyo wiki hii. Bado hajanijibu.