Porsche 944 ya 1986: nifunge klachi ya mpira, ya springi au ya seramiki?

GiaYaTano

Wakuu, heshima zenu. Nina Porsche 944 ya 1986, ile ya injini 2.5 isiyo na tabo. Tangu niinunue sijaigusa zaidi ya sevisi na mkanda wa taimingi. Sasa imeanza matatizo ya klachi, na nimeshauriwa na watu watatu, kila mtu na lake na kila mtu anaapa.

Nikiachia klachi ili niondoke, gari inagonga "du!" mara moja, nausikia mlio kwenye sakafu, ndipo inaenda. Nikiwa gia ya pili, nikaachia mafuta halafu nikakanyaga ghafla, inagonga tena. Rivasi asubuhi inaingia bila shida, ila nikishakaa kwenye foleni inakwaruza hadi watu wanageuka kuangalia.

Fundi amesema klachi imeisha, nitafute seti. Hapo ndipo nilipokwama. Kuna pleti ya kama ile iliyotoka nayo kiwandani, yenye mpira katikati. Kuna ya kampuni ya Sachs, yenye springi katikati. Halafu kuna jamaa anauza seti ya mashindano, pleti ya seramiki na flaiwili nyepesi (lile gurudumu zito nyuma ya injini ambalo klachi inakaa juu yake), anasema nikifunga hiyo nimemaliza kazi. Gari ni ya wikendi tu, sishindani na mtu. Nichukue ipi?

SpanaKumiNaTatu

Mkuu, usitoe hela kwanza. Tafuta barabara tupu, weka gia ya nne ukiwa kwenye kasi ndogo, kanyaga mafuta hadi chini. Klachi ikiwa imeisha, mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini, unapanda peke yake na gari imelala palepale.

Halafu rivasi ikigoma, pampu pedali mara tano sita harakaharaka ujaribu tena. Ikikubali, shida iko kwenye masta, yaani zile pampu za mafuta zinazopeleka nguvu ya pedali kwenye klachi, ya juu au ya chini, wala si pleti. Funua kile kimpira cha masta ya chini uone kama ndani kumelowa. Hiyo gari klachi yake inachota mafuta kwenye kikopo kilekile cha breki, kwa hiyo angalia na kimo chake. Ukimaliza rudi hapa.

MbioTu

Seramiki mkuu, usijiulize mara mbili. Ukishafungua umefungua, weka kitu ambacho hutakirudia. Na flaiwili nyepesi injini inapanda kama pikipiki.

GiaYaTano

Spana, nimejaribu vyote jana. Mshale hauruki, hata mlimani gari inavuta safi. Kupampu hakubadilishi kitu. Masta ya chini kavu, na mafuta kwenye kikopo hayajapungua.

MzeeWaKereza

Basi klachi yako haijaisha, kijana. Imechanika kitovu.

Pleti ya klachi ichukulie kama sahani. Pembeni kuna lining, hiyo ndiyo inabanwa kati ya flaiwili na presha pleti, kile kifuniko chenye springi kinachoikandamiza. Katikati kuna kitovu chenye meno, kinachovaa shafti. Hivi viwili havijaunganishwa moja kwa moja. Magari mengi yana springi fupi nne au sita hapo kati, ukiishika pleti mkononi unaziona kwenye vidirisha vyake. Yako badala ya springi ina bonge la mpira lililogandishwa kwenye chuma.

Waliokuwa wanaiunda hawakuwa wajinga. Giaboksi ya 944 iko nyuma, na nguvu ya injini inafika huko kwa shafti ndefu iliyo ndani ya bomba. Injini ni silinda nne za lita 2.5, mtetemo wake si mdogo. Mtetemo huo ukifika kwenye giaboksi, gia zinacheza na kulia hata gari ikiwa imesimama. Mpira unaumeza. Ukiwa mpya, gari inaondoka kama inateleza kwenye siagi.

Lakini mpira una umri. Umekaa jirani na joto la klachi miaka chungu nzima, umekauka na kuchanika. Sasa ukiachia pedali, kitovu kinazunguka kidogo peke yake hadi chuma kikutane na chuma. Hiyo ndiyo "du!" yako. Na vipande vinavyobomoka vinajibana humo ndani, pleti inashindwa kuachia vizuri. Rivasi haina sinkronaiza, ile ringi inayosawazisha kasi ya gia kabla hazijaingiana, ndiyo maana inalalamika kabla ya gia nyingine.

Chukua ya springi. Ya mpira, hata ukiipata mpya kabisa, jiulize imekaa kwenye boksi miaka mingapi, maana mpira unazeeka hata haujafungwa. Utakachopoteza ni ukimya: ukiwa nyutro utasikia gia zinachezacheza kwa mbali. Si ugonjwa.

Mkalimani_wa_Injini

Naungana na mzee, ila kwa nini asibandike lining upya kwenye pleti yake? Mimi gari yangu nilibandika na inatembea mwaka wa tatu.

MzeeWaKereza

Atabandika nini, wakati lining yake haina shida? Kashasema haitelezi. Ni sawa na kushona soli mpya kwenye kiatu kilichokatika kisigino.

MbioTu

Mpira unachanika, springi nayo siku moja itavunjika. Seramiki haina mpira, haina springi. Sielewi mnachobishia.

SpanaKumiNaTatu

MbioTu, hiyo injini kwa toleo la Ulaya ina nguvu farasi 163 na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, 205 Nm. Klachi ya kawaida inaibeba bila kutoka jasho. Seramiki inahitajika pale torki imepita uwezo wa klachi ya kawaida, mtu ameongeza tabo au gari inalala kwenye uwanja wa mbio. Inashika kama swichi: imewaka au imezima, katikati hakuna kitu. Kwenye foleni utaruka kama chura. Na mshtuko usipomezwa kwenye pleti haupotei, unaenda kwenye shafti, kwenye giaboksi, kwenye driveshafti, yaani spea ghali kuliko klachi yenyewe.

Tena hiyo flaiwili nyepesi, muulize huyo jamaa kama ina kile kipini cha sensa. 944 ina sensa mbili juu ya hausingi ya klachi. Moja inasoma meno ya ringi inayokamatwa na stata, nyingine inasubiri kipini kimoja kilichopo kwenye flaiwili ili kompyuta ijue krenki, shafti kuu ya injini, imefika wapi. Flaiwili isipokuwa nacho, stata itazungusha injini hadi betri ife na plagi hazitatoa cheche.

DadaWaSpana

Mmegusa donda langu. Nilibadilishiwa klachi kwenye gari kama hii. Kila kitu kikarudi mahali pake, bolti zote zikakazwa kwa spana ya torki, tukapiga stata. Krr krr krr, kimya. Tulipima mafuta, tukapima plagi, tukabadilisha relei. Siku mbili nzima! Kumbe soketi za hizo sensa mbili zinafanana kabisa, na fundi alizichomeka kinyume. Tulipobadilishana, injini iliwaka kwa mguso wa kwanza, nikatamani kucheka na kulia kwa pamoja. Bwana GiaYaTano, kabla hawajachomoa chochote, chukua rangi ya kucha, tia doa kwenye soketi moja na kwenye mwenzake. Na wakirudisha wapime nafasi kati ya sensa na flaiwili kwa geji, ni 0.8 mm. Usikubali "inatosha tu kwa macho".

Jambo la pili. Kwenye hii gari klachi yenyewe ni sehemu ndogo ya kazi. Inatoka ekzosi, zinatoka driveshafti, linashuka giaboksi, bomba la shafti linasogezwa nyuma, ndipo hausingi inafunguka. Kwa hiyo usinunue pleti peke yake. Nunua presha pleti, beringi ya rilisi (inayosukuma presha pleti ukikanyaga pedali), beringi ya pailoti (inayoshika ncha ya shafti) na bolti mpya za flaiwili. Sili ya nyuma ya krenki badilisha hata kama haivuji, maana tone moja la oili kwenye lining mpya na umerudi chini ya gari. Wakague shafti ya fomu... samahani, simu inajiandikia yenyewe, shafti ya FOKI ya klachi, ile inayosukuma beringi ya rilisi, na vibering vyake, huwa vinakauka na pedali inakuwa nzito. Bomba likiwa nje, zungusha shafti yake kwa mkono. Ikikwaruza au ikiimba, beringi zake nazo zimechoka.

GiaYaTano

Nimeelewa. Masta ya chini haivuji, niiache?

DadaWaSpana

Ina umri gani?

GiaYaTano

Sijui, nimeikuta nayo.

DadaWaSpana

Badilisha, na utoe upepo kwenye mafuta ya klachi vizuri.

Mkalimani_wa_Injini

Na flaiwili ipelekwe kukerezwa?

MzeeWaKereza

Si lazima. Ikiwa na madoa ya bluu au nyufa nyembambanyembamba za joto, hapo tuongee. Ikiwa na mikwaruzo midogo tu, kusugua kidogo kunatosha. Ikikerezwa, fundi asiguse kile kipini alichosema Spana.

GiaYaTano (wiki tatu baadaye)

Wakuu, mrejesho. Nilichukua Sachs ya springi, seti nzima, na kila kitu alichotaja Dada.

Hausingi ilipofunguka ulimwagika unga mweusi na vipande vya mpira, vingine vina ukubwa wa punje ya mahindi, vingine vimekaa kama tairi lililosagika. Pleti ya zamani nilishika lining kwa mkono mmoja na kitovu kwa mkono mwingine, kitovu kikazunguka bila nguvu yoyote, kisha kikagonga. Mlio ni uleule, "du!" Lining yenyewe bado nene. Fundi aliyesema klachi imeisha aliigeuza mara mbili, akairudisha chini bila kusema neno.

Kidogo tuingie mkenge wakati wa kufunga. Pleti mpya imegongwa maneno kwenye chuma, Getriebeseite, na kijana wa gereji alidhani ni jina la kampuni, akawa anaiweka ikitazama flaiwili. Nilikuwa nimeshatafuta maana yake usiku uliopita: upande wa giaboksi. Ingefungwa kinyume, tungeshusha kila kitu tena. Sensa nilizipaka rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, na injini iliwaka mara ya kwanza.

Sasa inaondoka bila kugonga, rivasi inaingia hata baada ya foleni. Naiendesha taratibu kilomita za mwanzo ili lining ikae. Swali moja tu: nikiwa nyutro nimesimama, kuna sauti ndogo inatoka nyuma, kama njugu kwenye kopo. Nikikanyaga klachi inakata, nikiachia inarudi.

MzeeWaKereza

Ndiyo hizo gia nilizokuambia. Fungua redio.