ITT ya Caravan imepanda Songwe: je, kosa ni la FCU?

Fundi_Songwe ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu wa rika habarini. Naomba msaada kuhusu ndege ya Cessna Caravan yenye injini ya tabaini ya PT6A-114A inayolala hapa kwetu Songwe, kiwanja cha ndege cha Mbeya. Tangu baridi ya mwezi wa sita ianze, marubani wanaandika kwamba joto la ITT (joto la gesi katikati ya tabaini za injini) wakati wa kupanda limezidi lile walilolizoea kwa torki ileile (nguvu ya kuzungusha inayofika kwenye propela), kiasi kwamba wakiondoka Mbeya mchana inawabidi warudishe liva ya nguvu mapema ili wasivuke nyuzi 805. Mafuta nayo yanatumika zaidi kidogo. Tena, asubuhi injini inawaka kwa joto kali: Ng (kasi ya mzunguko wa kompresa) ikikaribia asilimia 40 inasitasita, kisha inajivuta taratibu hadi mzunguko wa chini. Uongozi unaamini kwamba kidhibiti cha mafuta, yaani FCU, kimechoka, na unataka kuagiza kingine. Kabla fedha hiyo haijatoka, ningependa kujua kama dalili hizi kweli zinaelekea huko.

Mzee_wa_Karakana amejibu:

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kushika spana, maana FCU ndiyo inayoshitakiwa kwanza kila injini inaposumbua, na mara nyingi hurudishwa kutoka kwa mkaguzi ikiwa nzima.

FCU ya injini hii haina habari yoyote na ITT. Inapima mafuta kwa kufuata mahali liva ilipo, mzunguko wa Ng, na shinikizo la hewa ya P3 inayotoka kwenye kompresa. Hakuna waya wa joto unaoingia ndani yake, na ndiyo maana anayelinda nyuzi 805 ni mkono wa rubani. Sasa fikiri: rubani anapoweka torki fulani, anasogeza liva mpaka injini ipate mafuta inayoyahitaji kutoa torki hiyo. FCU ikiwa na hitilafu, utaiona kwa liva kukaa mahali pasipo pa kawaida, kwa injini kuchelewa kuitikia, kwa Ng kuyumba, au kwa nguvu kushuka ghafla hadi mzunguko wa chini. Joto kuzidi kwa torki ileile ni habari ya injini yenyewe, au ya geji.

Umetaja geji mbili, nami nahitaji ya tatu. Kwa torki ileile, kimo kilekile na joto la nje lilelile, Ng inasemaje? Kama ITT na mafuta vimepanda huku Ng ikishuka, geukia sehemu ya moto: vani zinazoelekeza gesi ya moto, ncha za majani ya tabaini inayozungusha kompresa, na nozeli zinazonyunyiza mafuta. Kama vyote vitatu vimepanda, geukia kompresa na mahali inapovuja hewa. Kama ni ITT peke yake, usiiguse injini kabla hujapima themokapo zake nane, yaani vihisi vya joto, na waya zake, hasa nati za kufungia, kwa sababu muunganisho uliolegea unaharibu usomaji bila injini kuwa na kosa lolote.

Rubani_Nyanda amejibu:

Naongeza kuhusu uwashaji, ambao kwa maoni yangu ni jambo la pekee na halifai kuchanganywa na hilo la kupanda. Asubuhi za Mbeya mwezi wa sita na wa saba betri hupoa sana usiku, na Songwe iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Kabla ya kuwasha, je, geji ya volti inasoma 24 au zaidi? Je, rubani anafungua mafuta Ng ikiwa imefika asilimia 12 na kutulia, au anafungua ingali inapanda kwa shida? Betri dhaifu inazungusha kompresa polepole, hewa inakuwa haba, mafuta yanabaki yaleyale, na joto linapaa. Ukiwa na mtambo wa umeme wa nje, washa nao asubuhi moja kisha ulinganishe. Na ikiwezekana, elekezeni pua ya ndege kwenye upepo.

Fundi_Songwe amejibu:

Asanteni sana. Nimepitia kumbukumbu za safari: Ng nayo imepanda, zaidi kidogo ya asilimia moja kwa torki ileile. Leo tumewasha kwa umeme wa nje, na injini imepanda bila kusita hata kidogo. Betri imetolewa na kupelekwa kupimwa. Ndege hii hutua sana kwenye viwanja vya changarawe upande wa Ruaha, kwa hiyo naona kompresa ndiyo yenye neno.

Mhandisi_Iringa amejibu:

Ndugu Fundi, nakubaliana na Mzee kwa sehemu kubwa, ila kuna mlango mmoja umebaki wazi. Vipimo vyote vitatu hupanda pamoja pia pale geji ya torki inaposoma chini ya ukweli: rubani anasukuma liva kufikia namba anayoiona, injini inafanya kazi zaidi ya anavyodhani, nasi tunailaumu kompresa. Pima kwanza torki kwa geji ya marejeo. Ni kazi fupi, na inaweza kukuokoa na mengi.

Ikiwa torki ni ya kweli, safisha kompresa kwa maji safi. Hapa nasisitiza: ondoa bomba la hewa ya P3 linalokwenda FCU na kuliziba kabla ya maji kuingia, la sivyo utaitia FCU ugonjwa ambao haikuwa nao. Mfumo wa kuwasha moto uwe umezimwa, na stata (mota ya umeme inayozungusha kompresa) ipumzishwe kama kitabu kinavyoagiza ukitumia betri: sekunde 30 za kuzungusha, 60 za kupumzika, na baada ya mara ya tatu dakika 30. Ukirudisha bomba, kaza viungo kwa kipimo na upake povu la sabuni ukitafuta mapovu, kwa sababu uvujaji wa P3 au wa Py (hewa ya udhibiti inayotokana na P3) unaweza kuishusha injini hadi mzunguko wa chini ikiwa angani.

Fundi_Songwe amejibu:

Torki imepimwa na ni sahihi. Baada ya kusafisha, ITT imeshuka, lakini haijarudi pale pa zamani. Tumeifungua valvu ya kutolea hewa ya kompresa, ile inayomwaga hewa nguvu ikiwa ndogo, na kukuta diaframu yake (utando unaoisukuma) imechanika pembeni, karibu na ukingo inapobanwa.

Mzee_wa_Karakana amejibu:

Basi umepata chanzo. Valvu ile hufungwa na shinikizo la P3 linalosukuma diaframu. Ikichanika, shinikizo linapotea na valvu inabaki wazi hata kwenye nguvu kubwa, hewa iliyokwisha kubanwa inamwagika nje, na kompresa inalazimika kuzunguka zaidi kufidia. Badilisha diaframu, fanya jaribio la nguvu ndege ikiwa ardhini, na uandike namba zote nne pamoja na joto la nje kwenye daftari la injini, ili mwezi ujao uwe na cha kulinganishia.

Jambo moja usiliache. Injini hiyo imewashwa kwa joto kali asubuhi nyingi kwa ajili ya betri. Toa nozeli zote 14 zipimwe mtawanyiko wa mafuta, na kupitia matundu yake ingiza boroskopu (kamera nyembamba ya kuchungulia ndani) utazame vani na majani ya tabaini ya kompresa. Nozeli inayomwaga mchirizi huunguza sehemu moja tu, na ITT, ikiwa ni wastani wa themokapo nane, inaweza isikuonyeshe kitu.

Fundi_Songwe amejibu:

Nimeelewa, Mzee. Oda ya FCU imesimamishwa, na nozeli zinatolewa kesho asubuhi.