Sanamaki ya Ami (kikundi: Ukoo wa Bi Nunu)

Ami Khalfan, Maskati: Asalaam alaykum. Mzigo nimempa Suleiman, anatua Unguja kesho. Mna halua, ubani na majani ya sanamaki, ile dawa ya choo, nusu kilo.

Bi Nunu: Waalaykum salaam mwanangu. Ahsante. Ya hapa siku hizi vijiti vingi kuliko majani.

Mwanaidi: Shikamoo bibi, shikamoo ami. Mie niwekeeni robo. Harusi wiki tatu na gauni halifungi 🙈

Hamadi: Sanamaki si ndiyo mwingajini? Umejaa nyuma ya banda la kuku, nakuchumia bure.

Dada Salma: Hamadi usichume kitu!! Ni ndugu, yote maua manjano, lakini si mmoja. Mbegu za mwingajini zina sumu, India zimeshaua watoto. Sanamaki ni ya jangwani.

Ami Khalfan: Kweli. Kuna Msudani nafanya naye kazi, kwao wanaivuna. Kichaka hakikupiti kiuno, kinataka mchanga na jua kali. Anasema maganda yake, yale bapa, hayasokoti tumbo kama majani. Zamani ikishushwa kwa Nile mpaka Alexandria kupakiwa melini, Wazungu wakaiita ya Alexandria. Sisi kwetu ya Makka.

Bi Nunu: Na Mtume s.a.w. kaitaja. Mie naichemsha na tangawizi tangu sijaolewa.

Dada Salma: Sikatai bibi. Hata Shirika la Afya Duniani limeitia kwenye orodha ya dawa muhimu, na vidonge vyake ninavyo dukani. Lakini ni dawa ya choo kilichofunga, basi. Mwanaidi mdogo wangu, ile hupita tu mpaka utumbo mpana, na vijidudu vya mule ndivyo vinavyoiamsha. Ndiyo maana unakunywa usiku, unakimbia chooni alfajiri, baada ya masaa 6 hadi 12. Pilau yote imeshaingia mwilini zamani. Kinachotoka ni maji na chumvi. Ukinywa maji, gauni halifungi tena.

Mwanaidi: Sasa ile chai ya kupunguza tumbo wanayouza mitandaoni?

Dada Salma: Geuza pakiti usome nyuma. Nyingi ni sanamaki hiyo hiyo.

Mwanaidi: 😶

Mwanaidi: Nimeinywa mwezi mzima dada. Kila usiku.

Dada Salma: Subhanallah. Na usipoinywa choo unapata?

Mwanaidi: Sipati. Na miguu inabana usiku.

Dada Salma: Leo usiinywe. Njoo dukani saa kumi, tutakwenda pamoja hospitali upimwe damu, hiyo miguu huenda potasiamu, moja ya zile chumvi za mwilini, imeshuka. Dawa hii haipiti wiki moja bila daktari. Walioinywa muda mrefu kwa wingi wengine wameumia ini.

Ami Khalfan: Mie nikadhani jani halina neno.

Dada Salma: Lina neno ami. Mtu ana maumivu ya tumbo hajui ya nini, au utumbo umeziba, asiiguse. Mtoto mdogo hapewi. Mkojo ukigeuka rangi tu, huo usiwatishe.

Dada Salma: Na wewe bibi, vile vidonge vya presha vinavyokukojoza bado unameza?

Bi Nunu: Kila asubuhi.

Dada Salma: Vingi vya namna hiyo vinatoa potasiamu, na sanamaki inatoa. Viwili hivyo pamoja, moyo unaweza kupiga kombo.

Bi Nunu: Kwa hiyo nusu kilo yangu?

Dada Salma: Niwekee mie dukani, bibi. Wewe kula papai, kunywa maji, na ukwaju kidogo.

Bi Nunu: Pakiti italetwa kwangu, nilivyoagiza. Jumatatu naenda nayo kliniki, daktari ataiona kwa macho yake. Na hilo papai litoke wapi? Mpapai wa uani nani kaukata?

Mwanaidi: Hamadi.

Hamadi: Ami, halua umetia ngapi vile? Nataka kumpokea Suleiman.